Sotik Hewani: Redio, Chai na Mpaka wa Lugha Mbili

Kabla redio haijawapa watu wa Sotik, magharibi mwa Kenya, mahali pa kulalamikia bei ya majani chai, ilikuwa imeshawapa jina. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitaka familia za askari Waafrika zipate habari za vita kwa lugha zao. Mtangazaji John Chemallan akawa anazungumza kwa Kinandi kutoka Nairobi, na katika maneno yake hakuchoka kurudia usemi wa kawaida wa kikwao, wenye maana ya "nawaambieni". Miaka hiyohiyo wanafunzi wa jamii hizo waliokuwa katika shule ya Alliance walilidaka neno hilo, wakakiita chama chao Kalenjin. Mwaka 1948 Kalenjin Union ikaundwa Eldoret, na katika miaka ya 1950 gazeti la kila mwezi likatolewa kwa jina lilelile. Wakipsigis wa Sotik, Bomet na Kericho wakajikuta chini ya mwavuli mmoja na Wanandi, Watugen, Wakeiyo na wengineo. Ni jamii chache sana Afrika Mashariki ambazo jina lao la siasa lina harufu ya studio.

Redio yenyewe ilikuwepo tangu 1928, lakini haikuwa ya watu hawa. Ilikuwa ya walowezi, ikiwarushia habari za BBC ili wasijihisi mbali na kwao. Sotik ilikuwa na walowezi wake, na namna walivyofika haijasahaulika. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kikiongozwa na Meja Pope-Hennessy kiliwashambulia Wakipsigis wa huku kwa madai kwamba walikuwa wameiba ng'ombe wa Wamaasai na kukataa kuwarudisha. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni watu 1,850, wanaume, wanawake na watoto. Baada ya hapo ardhi ilikatwa mashamba, yakiwemo yale yaliyowekwa katikati ya Wakipsigis na jirani zao Abagusii. Ukanda huo wa walowezi utatuhusu mbele.

Idhaa ya Waafrika ilipoundwa mwaka 1953, katikati ya hali ya hatari, ilitangaza kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikikuyu, Kinandi, Kiluhya, Kikamba na Kiarabu. Ekegusii, lugha ya Abagusii, hakikuwemo katika orodha hiyo. Sitaki kusema kwamba ugomvi wa mpakani ulianzia hapo, maana ugomvi wa mifugo na malisho ni wa zamani kuliko waya wowote. Lakini tangu mwanzo redio iliwapanga wasikilizaji kwa lugha, na Sotik iko pale ambapo lugha moja inaishia na nyingine inaanza.

Miaka mitatu kabla ya idhaa hiyo, mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alipita Kapkatet, kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Kericho, na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo juu ya kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Lilikuwa jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kwa santuri, likageuzwa kwa ulimi wa hapa. Rekodi hiyo ya 1950 ilihifadhiwa, na miongo sita baadaye ikarudishwa kwa wazee waliokuwa bado hai. Ninaitaja kwa sababu nitahitaji kuilinganisha na kitu kingine.

Baada ya uhuru, redio ikawa Sauti ya Kenya, chini ya wizara, kuanzia 1964. Wanaokumbuka enzi hiyo katika nchi ya chai watakuambia juu ya betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi, na watu waliokaa kimya kusikiliza matangazo ya vifo: jina la marehemu, jina la chifu, soko lililo karibu, siku ya mazishi. Kulikuwa na salamu, kulikuwa na Leonard Mambo Mbotela akiuliza kila juma kama jambo fulani ni ungwana, na kulikuwa na taarifa ya habari iliyoanza na safari za Mtukufu Rais. Msikilizaji aliweza kuandika barua. Kujibu papo kwa papo hakukuwezekana, wala hakukutakiwa.

Gharama ya ukimya huo ilionekana baada ya Oktoba 1991, ghasia za kikabila zilipoanza Tinderet na kusambaa. Mwaka 1992 moto ulifika mpaka wa Sotik na Borabu. Ule ukanda wa walowezi ulikuwa umegawanywa miaka ya 1960 kuwa mashamba ya makazi: upande wa Borabu ulinunuliwa zaidi na Abagusii, upande wa Sotik ukabaki na Wakipsigis, na alama za wapimaji zikawa mpaka wa makabila. Nyumba zilipoteketea, redio ya taifa ilisema machache, na watu walitafuta ukweli wa tarafa yao katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, London, au Sauti ya Ujerumani. Kamati ya bunge chini ya Kennedy Kiliku ilichunguza mwaka uleule, na Tume ya Akiwumi ikarudia kazi hiyo mwishoni mwa muongo. Wakati wote huo hapakuwa na studio moja ambayo mkulima wa Ndanai, upande wa Sotik, au wa Nyansiongo, upande wa Borabu, angeweza kuipigia.

Mlango ulifunguliwa kwa biashara. Kameme FM ilianza kwa Kikikuyu mwaka 2000, na Rais Moi, aliyekuwa Mkalenjin mwenyewe, alitaka sheria ya kupiga marufuku matangazo ya lugha za makabila kwa hoja kwamba yangeligawa taifa. Hakufanikiwa. Katikati ya muongo huo zikaja Kass FM ya mfanyabiashara Joshua Chepkwony na Chamgei FM ya Royal Media Services, huku shirika la utangazaji la taifa, KBC, nalo likiwa na Kitwek FM. Kwa upande wa pili wa mpaka, Egesa FM na Minto FM zikatangaza kwa Ekegusii.

Kilicholeta mabadiliko zaidi kilikuwa simu ya mkononi. Mtu alikwaruza kadi, akapiga, akasubiri, na ghafla sauti yake ikatoka kwenye redio ya jirani. Mpigaji husalimu "Chamgei", hujibiwa "mising", hutaja anakopigia, kisha huingia kwenye jambo lake: barabara isiyopitika, maziwa yaliyokataliwa, mbolea iliyochelewa. Wakipsigis walikuwa tangu zamani na kokwet, baraza la kijiji ambapo wazee walikaa chini ya mti kusuluhisha kesi, na watangazaji hawakuona haya kujifanya wenyekiti wa kokwet kubwa ya angani. Ulinganisho huo una ukweli wake na una kasoro. Katika kokwet mwanamke hakusimama tu na kuzungumza, lakini hewani alipiga simu kutoka jikoni au shambani na akasikika. Sitadai kwamba redio ndiyo iliyomchagua Lorna Laboso kuwa mbunge wa Sotik mwaka 2007, wala dada yake Joyce aliyeshinda kiti hicho katika uchaguzi mdogo wa 2008, baada ya ajali ya ndege ya Juni 10 iliyomuua Lorna pamoja na waziri Kipkalya Kones. Ila masikio yalikuwa yameshazoea.

Kasoro ni kwamba kokwet humwona mshtakiwa. Mtu anayetajwa yuko palepale, na jirani zake wanajua kama msemaji ana kinyongo. Hewani hayupo.

Serikali ya Mwai Kibaki iliifunga Kass FM kwa muda siku chache kabla ya kura ya maoni ya katiba ya Novemba 21, 2005, ikidai inachochea. Ilikuwa dalili. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa Desemba 30, 2007, serikali ilizuia vituo vyote kurusha habari moja kwa moja. Nchi iliwaka, na mpaka wa Sotik na Borabu haukusazwa. Soko la Chebilat, lililokaa mpakani kabisa, ambako Mkipsigis alileta maziwa na ng'ombe na Mgusii akaleta ndizi na mboga, lilichomwa. Vibarua wa jamii nyingine walikimbia kutoka kambi za mashamba ya chai ya Kericho.

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo na kutoa ripoti mwaka 2008, ilizitaja redio za lugha za makabila, Kass ikiwa mojawapo, kuwa zilichangia chuki. Desemba 15, 2010 mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai alimtaja mtangazaji wa Kass, Joshua arap Sang, miongoni mwa washukiwa sita. Sang alikuwa akiendesha kipindi cha asubuhi, Lee Nee Eme, ambacho jina lake ni sawa na kuuliza hali ya nchi. Kesi yake na William Ruto ilianza The Hague Septemba 10, 2013. Alikana mashtaka, na Aprili 5, 2016 majaji wawili kati ya watatu waliisimamisha kesi kwa ukosefu wa ushahidi wa kutosha.

Nani aliyekuwa sahihi si kazi ya makala hii. Linalonisumbua mimi kama mtu wa historia ni jambo dogo zaidi. Mahakama kubwa ya dunia ilitaka kujua mtangazaji alisema nini asubuhi fulani katika lugha inayosikilizwa na mamilioni, na kwa sehemu kubwa ikategemea kumbukumbu za mashahidi waliokuwa wakisikiliza. Sasa rudi Kapkatet. Wimbo wa 1950 tunao, tena safi. Mazungumzo ya 2007, yaliyosikika kutoka Nairobi hadi Mlima Elgon, hatuna mahali pa wazi pa kuyasikiliza. Sheria ya Kenya humtaka mchapishaji awasilishe nakala ya kitabu au gazeti kwa serikali, ila neno la hewani halina rafu yake. Kwa hiyo kinachofahamika zaidi kuhusu redio za Kikalenjin ni mashtaka dhidi yake, na ni haki ya msomaji kuambiwa kwamba hiyo ni sehemu ndogo ya yaliyozungumzwa.

Chukua mahindi. Septemba 2011, katika eneo la Longisa, si mbali na Sotik, mashamba yalianza kukauka kabla ya kubeba. Majani yaligeuka manjano kutoka kingoni, shina likafa kutoka juu, na gunzi likatoka na punje chache zilizosinyaa. Ndiyo mara ya kwanza ugonjwa hatari wa mahindi unaoletwa na virusi viwili kwa pamoja kuripotiwa Kenya, na baadaye ukaenea kwenye nchi nyingine za ukanda huu. Kwa mkulima, swali lilikuwa nani wa kulaumiwa: mbegu, mbolea au hali ya hewa. Wataalamu walikuja na jibu gumu: ng'oa, choma, panda viazi au maharagwe kwa msimu mmoja au miwili. Kumwambia Mkipsigis asipande mahindi si jambo la kubandika tangazo kwa chifu. Linahitaji kubishaniwa, kuulizwa tena na tena, kwa lugha ambayo bibi wa shamba hatafuti maneno. Hapo ndipo redio ya lugha ya nyumbani hufanya kazi ambayo hakuna chombo kingine kilichowahi kuifanya, na wanaotaka redio hizo zifungwe zote huwa hawaitaji.

Vivyo hivyo kwa ardhi. Tume ya Taifa ya Ardhi ilipotoa uamuzi wake mwaka 2019 juu ya dhuluma za kikoloni dhidi ya Wakipsigis na ukoo wao wa Talai, na walalamikaji walipofika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2022, wazee wangeweza kulifuatilia jambo hilo kwa lugha ambayo walihadithiwa nayo uhamisho wa Talai kwenda Gwassi katika miaka ya 1930. Kashfa ya unyanyasaji wa kingono katika mashamba makubwa ya chai, kwa upande mwingine, ilibidi ifichuliwe na BBC, Februari 2023. Redio zilizoko jirani na mashamba hayo zilijiunga na mjadala baada ya London kuuanzisha. Mtu anaweza kutetea jambo hilo kwa kutaja matangazo ya biashara na woga wa kushtakiwa, lakini utetezi huo haunitoshi.

Na bado mpaka. Kambi za mashamba ya chai huzungumza Kiswahili, kwa sababu mchumaji wa pembeni yako huenda ni Mluhya au Mjaluo na nyapara ni wa kwingine. Chebilat, iliyojengwa upya, hupatana bei kwa Kiswahili. Kamati za amani za Sotik na Borabu hukaa kwa Kiswahili. Vituo vya kitaifa vya Kiswahili, Radio Citizen na Radio Maisha, husikika pande zote mbili, lakini macho yao yako Nairobi, na wizi wa ng'ombe wanne usiku hauwezi kufika huko mpaka mtu afe. Ng'ombe hao wakiibwa, Egesa husikia kwa wenye ng'ombe na vituo vya Kikalenjin husikia kwa wanaoshukiwa, kila upande ukilalamika kwa watu wake.

Bonasi ya chai inaonyesha hasara ya mpango huo zaidi kuliko vita. Mwaka wa hesabu wa KTDA, shirika linalouza chai ya wakulima wadogo, hufungwa Juni, na malipo ya pili hutangazwa kuelekea Septemba na Oktoba. Kwa miaka mingi wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelipwa kidogo kuliko wenzao wa Murang'a na Kirinyaga. Mkulima wa kiwanda cha Kapkoros au cha Tirgaga anapiga simu Chamgei kuuliza kwa nini. Mkulima wa kiwanda cha Nyansiongo, ng'ambo tu ya mpaka, anapiga simu Egesa na swali lilelile, juu ya mnada uleule wa Mombasa na bodi ileile. Hoja zao zingetosha kuitikisa KTDA kama zingesikika katika kipindi kimoja, na wote wawili wana Kiswahili cha kutosha kukiendesha.