Topan Wawili, Jivanjee Wawili: Kuzifuata Koo katika Hati za Mashamba ya Kale

Katika matoleo ya kumbukumbu kama hili huchapwa majina ya waliotutangulia, na hiyo ni heshima wanayoistahili. Lakini kila mara hurudi swali lile lile: jina lililomo katika hati ya zamani ya shamba, je, ni la ukoo huu tunaoujua leo, au ni la ukoo mwingine wenye jina linalofanana nalo? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata penye daftari, asiyejua kulisoma anaweza kumrithisha mtu babu asiye wake.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni desturi yetu wenyewe ya kutoa majina. Kwa watu wa Gujarat na Kutch, jina la pili ni la baba. Shivji Topan maana yake ni Shivji mwana wa Topan. Mwanawe aliitwa Jairam Shivji, na hapo jina la Topan likatoweka katika ukoo ule kwa kizazi kimoja tu. Anayelitafuta neno "Topan" katika hati za Unguja za karne ya 19 atampata Tharia Topan, na huenda akadhani kwamba amempata ndugu wa Jairam. Sivyo hata kidogo. Shivji na Jairam walikuwa Wahindu wa jamii ya Bhatia, na Tharia alikuwa Khoja wa Ismailia. Wote asili yao ni Kutch, na wote walipata kukodi ushuru wa forodha wa Sultani: nyumba ya Jairam kwa miongo mingi, kisha Tharia kuanzia mwaka wa 1876. Nchi ya asili ni moja na kazi ni moja, lakini akina Topan ni wawili.

Hati zenyewe hutusaidia kuwatenganisha. Nyingi ziliandikwa kwa Kiarabu, na makarani waliweka "bin" kati ya jina la mtu na la baba yake. Baada ya jina walimwita Mhindu "al-Baniani", na Mwislamu wa Bara Hindi "al-Hindi". Neno hilo moja la mwisho, ambalo msomaji mwenye haraka huliruka, ndilo linalomtoa mtu katika ukoo mmoja na kumtia katika mwingine.

Liko pia kosa la upande wa pili: majina mbalimbali na nyumba moja. Jairam aliondoka Unguja katika miaka ya 1850 akarejea Kutch, na kazi ikasimamiwa na Ladha Damji. Kwa hiyo hati ya Ladha Damji yaweza kuwa ni shughuli ya nyumba ya Jairam. Jairam mwenyewe alifariki mwaka wa 1866, lakini biashara iliendelea kuitwa kwa jina lake. Hati ya miaka ya 1870 yenye jina la Jairam Shivji haikutiwa saini na mtu huyo. Ilitiwa saini na warithi au mawakala wake.

Tarehe nazo zinataka uangalifu. Hati ya kadhi ina mwaka wa Hijria, barua ya ubalozi wa Uingereza ina mwaka wa Masihia, na chopda, yaani daftari la mfanyabiashara, lina mwaka wa Vikram Samvat unaofunguliwa siku ya pili ya Diwali kwa sala ambazo wasomaji wetu wanazijua. Samvat 1917 ilianza kwa Diwali ya mwaka wa 1860, wakati Waislamu walikuwa katika mwaka wa 1277. Asiyebadilisha tarehe hizi sawasawa humfanya mwana kuwa baba.

Hata neno "mnunuzi" halitoshi. Katika mashamba ya karafuu, mikopo mingi iliandikwa kwa njia ya bei khiyari: mwenye shamba aliliuza kwa sharti la kulikomboa akilipa fedha katika muda uliowekwa. Katika hati, mkopeshaji huonekana kuwa ndiye mwenye shamba, ilhali mkopaji huenda aliendelea kukaa humo na kuchuma karafuu. Majirani zetu wana msemo wao, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa", na tukizisoma hati hizo tunafahamu msemo huo ulizaliwa katika mahusiano ya namna gani.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa hapa hata dini haitenganishi. Karimjee Jivanjee alikuwa Bohora, mjukuu wa Buddhaboy wa Mandvi katika Kutch. Ukoo wake ulifanya biashara Unguja, na baadaye ukamiliki mashamba ya mkonge Tanganyika. Jina lake limo katika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Alibhai Mulla Jeevanjee naye alikuwa Bohora, lakini alizaliwa Karachi, akajenga utajiri wake Mombasa na Nairobi wakati wa reli ya Uganda, na bustani yake ya mwaka wa 1906 ingali katikati ya Nairobi. Jivanjee wa kwanza na Jeevanjee wa pili ni baba wawili tofauti. Tahajia si ushahidi, maana karani yule yule aliweza kuliandika jina moja kwa namna tatu. Ushahidi ni jina la babu na mji wa asili.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu hati hizi hazibebi sifa peke yake. Mwaka wa 1860, balozi wa Uingereza huko Unguja, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza wawaache huru watumwa wao. Waliowekwa huru walikuwa maelfu, na waliowamiliki walikuwa Wahindu na Waislamu pia. Anayewachanganya akina Topan hubandika deni la nyumba moja kwenye mlango wa nyingine. Na anayeyataja majina ya matajiri wanapojenga zahanati tu, akayaficha yanapotajwa mahali hapa, hajaandika historia. Majirani zetu wengi ni wajukuu wa watu waliolima mashamba hayo, na mara nyingi mababu zao waliandikwa kwa jina moja tu, bila baba wala mji. Kwao, kosa la karani huzika ukoo mzima.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wetu na majirani: kabla ya kulitoa jina lichapwe katika toleo lijalo, liandikeni pamoja na jina la baba, la babu, kijiji cha asili, na mwaka kwa hesabu ya kalenda iliyotumika. Chopda zilizomo makabatini msizitupe kwa kuwa hakuna anayezisoma nyumbani. Zileteni hekaluni, wangali wapo wanaoweza kuzisoma. Na mwenye jina moja tu alilolisikia kwa bibi yake, na alilete hilo hilo. Tutaliandika kama alivyolitaja, wala hatutamtafutia babu wa kubuni.