Tarehe 11 Julai: Yaliyotokea Siku Hiyo, na Je, Kuna Siku Yenye Mkosi?

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Tumepokea swali kutoka kwa familia moja ya Unguja yenye jamaa zao Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Nikaha ya binti yao ilipangwa kufungwa huko Mbuchi tarehe 11 Julai. Bibi mmoja wa ukoo amepinga. Anasema hiyo ndiyo siku iliyozama manowari ya Wajerumani mtoni, siku ya nuhusi, na anayesafiri au kuoa siku hiyo hapati heri. Kijana mmoja wa nyumba hiyo akatafuta katika simu yake, akakuta orodha ya misiba mengine iliyotokea tarehe hiyo hiyo. Hofu ikazidi. Sasa wanauliza: Je, mambo hayo ni ya kweli? Je, nikaha iahirishwe? Na je, inafaa Muislamu kuikumbuka siku ya namna hiyo?

Kwa ufupi, mambo hayo ni ya kweli, nikaha haina sababu ya kuahirishwa kwa ajili yake, na kukumbuka kunafaa kwa masharti tutakayoyataja. Sasa tufafanue.

Yaliyotokea tarehe 11 Julai

*Rufiji, 1915.* Tuanze na hili la Mbuchi na jirani zake. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, wiki chache kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Watu wa Unguja nao wana habari yake, kwani alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia mbele ya bandari yetu na kuipiga manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mashine zake. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na mji.

Baada ya hapo Königsberg ilikwenda kujificha katika mito ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Mashine yake ilikuwa imeharibika, na vipande vyake vilibidi kubebwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe na kurudishwa. Waingereza waliiziba milango ya mito, na Januari 1915 wakakiteka kisiwa cha Mafia, ambako waliweka ndege za kuichungulia kutoka juu. Wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zinazoweza kuingia mtoni. Shambulio la kwanza la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. La pili, Jumapili ya tarehe 11 Julai, lilifaulu. Nahodha Max Looff alipoona meli yake imekwisha, aliamuru izamishwe na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu na kutumika katika vita vya nchi kavu. Mmoja umo Mombasa katika ngome ya Fort Jesus hadi leo.

*Alexandria, 1882.* Jumanne ya tarehe 11 Julai 1882 manowari za Kiingereza zilianza kuipiga kwa mizinga bandari ya Alexandria, Misri, wakati wa harakati za Ahmad Urabi Pasha. Mji ukaungua kwa moto. Miezi miwili baadaye jeshi la Urabi likashindwa, na Misri ikakaliwa na Waingereza kwa miaka zaidi ya 70. Sisi wa visiwani tunaifahamu hali hiyo bila ya kuelezwa sana, kwani tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya manowari za Kiingereza ililipiga jumba la Sayyid Khalid bin Barghash hapa Unguja, na kazi ikamalizika kwa muda usiotimia saa moja.

*Siku ya Idadi ya Watu Duniani.* Tarehe 11 Julai 1987 ilihesabiwa kuwa ndiyo siku ambayo idadi ya watu duniani ilifika bilioni 5. Kuanzia mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ukaifanya kuwa siku ya kila mwaka. Basi katika orodha ya tarehe hii limo pia jambo la uzazi.

*Srebrenica, 1995.* Jumanne ya tarehe 11 Julai 1995, majeshi ya Waserbia wa Bosnia chini ya Jenerali Ratko Mladić yaliingia mji wa Srebrenica. Mji huo Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa eneo la amani, na walikuwamo askari wa Kiholanzi wa kuulinda. Katika siku chache zilizofuata waliuawa wanaume na vijana wa Kiislamu wapatao 8,000. Mahakama ya kimataifa ilihukumu kuwa hayo ni mauaji ya kimbari, na Mladić akahukumiwa kifungo cha maisha. Kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika Potočari na kuwazika wale ambao mabaki yao yametambuliwa karibuni. Mwezi wa Mei 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliifanya 11 Julai kuwa siku ya kimataifa ya kuyakumbuka mauaji hayo.

*Kampala, 2010.* Jumapili ya tarehe 11 Julai 2010 watu walikuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika mkahawa mmoja wa Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Mabomu yakaripuka na kuua watu zaidi ya 70. Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilidai kuhusika.

Tumeyaweka Srebrenica na Kampala pamoja kwa makusudi. Katika moja Waislamu wamedhulumiwa, na katika jingine wasio na hatia wameuliwa na watu wanaojinasibisha na Uislamu. Anayelia kwa la kwanza na kulinyamazia la pili hajafanya uadilifu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, kuwa chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha kufanya uadilifu.

Tuipime tarehe kwa kalenda yetu

Mwenye kusema "siku moja" hana budi kuulizwa: siku moja kwa hesabu ipi? Mwaka wa miladi una siku 365 au 366. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Kwa hiyo kila mwaka tarehe ya Kiislamu hurudi nyuma kwa siku kama 11 katika kalenda ya miladi, na baada ya miaka kama 33 huzunguka yote. Na wazee wetu wa pwani walikuwa na hesabu ya tatu, ya Nairuzi, waliyoitumia katika kilimo na safari za baharini.

Tukiyahesabu matukio hayo kwa Hijria (na hesabu ya kalenda huweza kupishana na mwandamo kwa siku moja), tunapata hivi:

- Alexandria: kiasi cha tarehe 24 Shaaban 1299.
- Rufiji: kiasi cha tarehe 28 Shaaban 1333.
- Watu bilioni 5: katikati ya Mfunguo Pili 1407.
- Srebrenica: kiasi cha tarehe 12 Safar, yaani Mfunguo Tano, 1416.
- Kampala: mwisho wa Rajab 1431.

Mawili ya mwanzo yamekaribiana kwa sababu baina yake kuna miaka 33 ya miladi, ambayo ni 34 ya Hijria, na duru inakuwa imezunguka. Hiyo ni hesabu tu. Mengine yametawanyika. Kama tarehe ingekuwa na sumu ndani yake, sumu hiyo ingekuwa katika kalenda ipi? Mto wa Rufiji haujui Julai wala Shaaban.

Hukumu ya kuamini nuhusi ya siku

Imepokewa katika hadithi sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) amekanusha itikadi ya mkosi, na akakanusha pia itikadi ya Waarabu wa zama za ujahili kuhusu Safar. Hata hivyo bado wapo kwetu wanaoogopa kuoa katika Mfunguo Tano, au kutoka nyumbani Jumatano ya mwisho ya mwezi huo.

Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume, akiwa ni baba aliyefiwa, hakuliacha neno hilo lipite. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Ikiwa mambo mawili makubwa yaliyotokea siku moja mbele ya macho ya Masahaba hayakuruhusiwa kufungamanishwa, vipi tufungamanishe yale yaliyopishana kwa miaka mingi?

Huenda mtu akasema: Qur'ani imetaja siku za nuhusi zilizowapata watu wa Adi. Ni kweli, katika Suratu Fussilat na Suratul Qamar. Lakini tusome pia Suratul Haqqa, aya ya 7, tutaona kuwa adhabu hiyo ilidumu usiku 7 na siku 8. Siku 8 zinazofuatana zinaenea wiki nzima. Kama nuhusi ingekuwa katika siku zenyewe, isingebaki siku hata moja ya kuishi. Na siku hizo hizo zilikuwa ni za uokovu kwa Nabii Hud (A.S.) na walioamini pamoja naye. Nuhusi ilikuwa katika ukafiri wa watu wale.

Kuhusu ndoa hasa, Waarabu wa zamani waliuchukia mwezi wa Shawwal kwa harusi. Bibi Aisha (R.A.) alieleza, kama ilivyopokewa na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alimuoa katika Shawwal na akaingia kwake katika Shawwal, na akauliza ni mke gani aliyepata hadhi kwake kuliko yeye. Leo Mfunguo Mosi ni mwezi wa harusi kila mtaa, na hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kuogopwa.

Liko na dhara jengine. Ukiilaumu siku, unamuachia aliyetenda. Srebrenica haikuuliwa na Julai. Iliuliwa na watu, na baadhi yao wamesimamishwa mahakamani kwa majina yao. Nasi visiwani tumezika watu wetu wa Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011 na wa Skagit tarehe 18 Julai 2012. Spice Islander ilikuwa imepakia kupita kiasi, na Skagit ilikutwa na bahari chafu. Tukisema ni mkosi wa tarehe, basi hatutouliza tena nani alipakia, nani aliruhusu chombo kutoka, na maboya yako wapi. Bwana Mtume (S.A.W.) amekataza kuzitukana zama, kwa kuwa zama ziko katika mamlaka ya Mwenyezi Mungu.

Kukumbuka kunakofaa

Kuisoma historia na kuitaja si makosa. Mwenyezi Mungu alimuamrisha Nabii Musa (A.S.) awakumbushe watu wake siku za Allah, kama ilivyo katika Suratu Ibrahim, aya ya 5. Lakini kuifanya siku kuwa ya ibada maalumu kunahitaji dalili. Ashura ina dalili, kwani Mtume (S.A.W.) aliifunga na akaamrisha ifungwe. Tarehe 11 Julai haina saumu yake wala sala yake. Ama kuwaombea dua Waislamu waliotangulia, kuwasomesha watoto yaliyotokea, na kutoa sadaka, yote hayo yanafaa siku hiyo na siku nyengine yoyote, bila ya kuitakidi kuwa tarehe yenyewe ina fadhila.

Na kwa watu wa delta, kuna jambo la kukumbukwa ambalo vitabu vimelitaja kidogo. Jina la nahodha wa Königsberg limehifadhiwa, na mizinga yake imehifadhiwa. Waliobeba mizigo ya vita ile hawakuandikwa. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu kwa wingi kuliko askari, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo. Siku ile mizinga ilipolia Rufiji, Ramadhani ilikuwa imebakia siku mbili au tatu. Katika vijiji vile walikuwamo Waislamu waliokuwa wakiusubiri mwezi. Hao ndio wa kuombewa rehema.

Nasaha kwa familia iliyouliza

Msiivunje ahadi ya nikaha kwa sababu ya tarehe. Mzungumzeni bibi yenu kwa upole, kwani hofu yake imetokana na mapenzi, na huenda aliyapokea hayo kwa wazee walioisikia mizinga ile kwa masikio yao. Msimuaibishe mbele ya wajukuu. Muombeni awe wa mwanzo kumuombea dua bi harusi.

Ikiwa mna la kuangalia, liangalieni lenye maana. Julai ni msimu wa kusi. Muulizeni nahodha hali ya bahari na maji ya mtoni, chombo kisipakiwe kupita uwezo wake, na kila mtoto avae boya. Bahari ikichafuka, ahirisheni safari hata kama ni Ijumaa ya Ramadhani. Ikitulia, nendeni hata kama ni tarehe 11 Julai. Swalini istikhara, chukueni tahadhari, kisha mtegemeeni Mwenyezi Mungu.

Tunamuomba Allah (S.W.) aijaalie ndoa hiyo kheri na baraka, awarehemu Waislamu waliouawa kwa dhulma, na atuepushe na fitna za dhahiri na za siri.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.