Jina Ukingoni mwa Nishani

Askari wa kwanza wa jeshi la India kuletwa Afrika ya Mashariki katika Vita Vikuu vya Kwanza walishuka Mombasa mwanzoni mwa Septemba 1914. Walikuwa wa kikosi cha 29th Punjabis. Miezi miwili baadaye, tarehe 3 Novemba, walikuwa wakipigana Longido, kaskazini-magharibi mwa Kilimanjaro, juma lile lile ambalo jeshi la watu wapatao 8,000 lililotoka Bombay lilishindwa vibaya Tanga. Habari za Tanga zimesimuliwa mara nyingi. Za Longido hazitajwi sana, nasi tunazitaja katika kitabu hiki cha maadhimisho kwa sababu ya kipande kimoja cha fedha.

Familia ya masonara katika jumuiya yetu ilipofunga duka lake la Mji wa Kale, ilikuta nishani ndani ya mtoto wa meza. Upande mmoja una kichwa cha Mfalme George wa Tano. Upande wa pili yumo mpanda farasi, pamoja na miaka 1914 na 1918. Utepe haukuwapo. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeiuza, lakini sababu ya kuuzwa si fumbo: nishani hiyo ni fedha ya karibu aunsi nzima, na sonara hununua kwa mizani. Januari 1980 bei ya fedha duniani ilikaribia dola 50 kwa aunsi, na nishani nyingi za namna hii ziliishia kalibuni, zikatoka bangili na mikufu. Hii ilinusurika, labda kwa kuwa mzee wa duka aliona maandishi ukingoni akasita.

Maandishi hayo ndiyo yenye thamani. Nishani za vita vile zilichorwa ukingoni namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Hii ilikuwa ya askari wa kawaida wa 29th Punjabis. Jina lake hatulichapi, kwa kuwa jamaa zake wameomba hivyo.

Wengi wetu tulidhani nishani ilidondoka vitani. Sivyo. Ilianzishwa mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha, na askari wa India walipelekewa zao wakiwa wamekwisha kurudi makwao. Kwa hiyo askari wetu aliipokea Punjab, na mtu mwingine akaivusha bahari baadaye. Ilitubidi basi tumtafute nyumbani kwake, si katika makaburi ya Taveta wala Maktau.

Sisi Wahindu tunazo njia zetu za kutafuta wahenga. Familia inayokwenda Haridwar kutupa majivu ya marehemu wake katika mto Ganga humwendea kuhani wa ukoo wake, naye hufungua kitabu kirefu kiitwacho vahi, akasoma majina ya waliotangulia kufika, kizazi juu ya kizazi, kisha akaongeza ya waliofika siku hiyo. Gujarat nako wako Wabaroti, ambao kazi yao ya kurithi ni kutunza vitabu vya nasaba. Baadhi ya wasomaji wetu wameliona jina la babu wa babu yao kwa njia hiyo. Lakini jina la ukingoni lilikuwa la Mwislamu. Vahi za Haridwar zisingetufaa kitu.

Tuliyoyahitaji yalikuwa Lahore. Baada ya vita serikali ya Punjab iliandikisha, kijiji kwa kijiji, watu waliokwenda kupigana, na madaftari yale yenye kumbukumbu zipatazo 320,000 yalikaa katika Jumba la Makumbusho la Lahore bila kuguswa sana. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Greenwich, pamoja na chama cha urithi wa Wapunjabi walioko Uingereza, waliyatoa hadharani madaftari ya wilaya tatu za kwanza: Jalandhar, Ludhiana na Sialkot. Jina letu tulilikuta Jalandhar mara mbili, na mmoja tu wa wawili hao alikuwa wa 29th Punjabis.

Hapo tena njia ikakatika. Mwaka 1947 nchi iligawanywa, Jalandhar ikabaki India, na Waislamu wake wakahamia Pakistani. Kijiji kipo, watu wake si wale. Imamu wa msikiti jirani, ambaye Kiurdu chake ni bora kuliko chetu, ndiye aliyetukumbusha kwamba watu huhama pamoja na jina la kijiji chao. Akaandika barua kwa watu anaowajua Faisalabad, mji ulioitwa zamani Lyallpur, walikokwenda wengi wa Jalandhar. Tulipata pia msaada wa karatasi za ardhi. Waingereza walipopima mashamba ya Punjab walichora kwa kila kijiji jedwali la koo zenye mashamba, nalo huitwa shajra nasab. Mswahili hahitaji kufasiriwa neno nasaba.

Kitukuu wa askari yule anafanya kazi Dubai. Kwao ilijulikana kwamba babu alipigana Basra. Afrika haikutajwa kamwe. Ilijulikana pia kwamba mpwa wake mmoja alikwenda Mombasa kufanya kazi ya uashi, barua zake zikakoma. Tunaona hapo ndipo nishani ilipopita. Hatumlaumu mwashi huyo: fedha huuzwa na mwenye njaa.

Alipokuja kuipokea, majirani wengi walihudhuria uani mwa hekalu. Mama mmoja wa mtaa wetu akauliza, kwa adabu lakini bila kuficha, naye ya babu yake aitafute wapi. Babu yake alikuwa mpagazi, wa wale waliobeba risasi na unga nyuma ya vikosi kama hicho cha Punjab, na ambao jina la jeshi lao ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi. Hatukuwa na jibu. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu za askari na wapagazi katika Barabara ya Digo hazina jina la mtu hata mmoja.

Basi tumeanzisha daftari. Limo ofisini mwa hekalu, na hufunguliwa kila Jumapili baada ya ibada ya asubuhi. Jirani yeyote, wa dini yoyote, aliyesimuliwa habari za mpagazi au askari wa ukoo wake, aje atutajie jina lake, la baba yake na la kijiji alikotoka. Hadi kitabu hiki kinakwenda mtamboni yameandikwa majina 31. La kwanza ni la babu yake yule mama.