Samaki wa Kioo na Barabara ya Ramisi

Historia ya Ramisi huandikwa kwa miwa. Kiwanda cha sukari kilianza mwaka 1927, miaka michache baada ya kile cha Miwani kule Nyanza. Wamakonde walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi mashambani pamoja na wenyeji, kiwanda kikafungwa 1988, na katika karne hii kampuni nyingine ikairudisha miwa. Simulizi hiyo ni ya haki, lakini imeacha nje shehena nyingine iliyopita hapo hapo bila filimbi wala moshi. Tangu nusu ya pili ya karne ya 20, pwani ya Kenya imekuwa ikiuza nje samaki hai wa mapambo: vitatange, kangaja na wengine wengi wadogo wa rangi wanaoishi kwenye matumbawe. Wale wanaokamatwa upande wa Shimoni huifuata barabara kuu ya Lunga Lunga, huvuka mto Ramisi, hupita Msambweni na Ukunda, na kwa miaka mingi njia yao ya kufikia uwanja wa ndege wa Mombasa ilikuwa kivuko cha Likoni. Safari yao huishia katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi, sebuleni mwa mtu huko Ulaya au Marekani. Huko ndiko wanakougua, na huko ndiko vitabu vya kuwatibu vilikoandikwa. Hoja yangu ni kwamba vitabu hivyo huanzia habari katikati. Ugonjwa wa samaki wa tangi hukomaa njiani, na sehemu kubwa ya tiba yake imo mikononi mwa watu wa pwani hii, kabla samaki hajapakiwa kwenye ndege.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwenye vitabu vyenyewe. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, na ikajenga akwaria mpya mwaka 1924. Mwaka 1931 mtafiti E. M. Brown alieleza kimelea kilichokuwa kikishambulia matamvua na ngozi ya samaki wa baharini waliofugwa, kimelea ambacho leo huitwa Amyloodinium ocellatum. Mwaka 1951 jina la Brown likaonekana tena katika maelezo ya kimelea cha pili, Cryptocaryon irritans, kile kinachowafunika samaki kwa madoa meupe kama punje za chumvi. Watafiti wa Japani walikuwa wamekwisha kukiona katika miaka ya 1930. Mwaka 1955 Robert Dempster wa akwaria ya Steinhart, San Francisco, alichapisha namna ya kutumia mrututu dhidi ya maradhi ya aina ya kwanza. Mwaka 1966 Nigrelli na Ruggieri waliandika kuhusu milipuko ya madoa meupe katika akwaria ya New York. Tukiyapanga matukio haya kwa mfuatano, jambo moja linajitokeza. Maradhi mawili yanayoogopwa kuliko yote na wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi yalijulikana kupitia samaki waliofungiwa. Wavuvi wa miamba, ambao wameshika samaki hao hao vizazi kwa vizazi, hawakuwa na sababu ya kuyahesabu kuwa tauni.

Sababu yake imo katika maisha ya kimelea chenyewe. Kimelea cha madoa meupe hujichimbia chini ya ngozi ya juu ya samaki, hula kwa siku tatu hadi saba, kisha hujiachia na kushuka chini. Huko hujifungia ndani ya ganda, hugawanyika, na baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa hutoa watoto wengi waogeleao. Watoto hao wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki, wasipompata, hufa. Baharini, nje ya mwamba wa Wasini au Funzi, mkondo na maji kupwa na kujaa huwatawanya, na samaki aliyelala hapa jana leo yuko kwingine. Ndani ya tangi la lita 200 hakuna pa kutawanyikia. Samaki hulala usiku kucha juu ya mchanga ule ule yanapoangulia maganda, na kizazi cha pili cha vimelea hukuta chakula kimewekwa tayari. Hapa mtu anaweza kupinga kwamba, kama kimelea kimetoka baharini, mkamataji wa Shimoni hawezi kukizuia, kwa hiyo lawama na dawa vyote ni vya mwenye tangi. Nusu ya kwanza ya pingamizi hilo ni kweli. Samaki mwenye kimelea kimoja au viwili anaweza kutoka kwenye mwamba safi kabisa. Nusu ya pili haifuati, kwa sababu kati ya mwamba na tangi kuna siku nyingi ambamo mwili wa samaki huyo hujengewa kinga au hubomolewa.

Tuitazame safari yenyewe. Mzamiaji hutandaza wavu mdogo kando ya jiwe, humsukuma samaki kuelekea huko, kisha humtia kwenye kipakacha au chombo chenye matundu. Samaki aliyevuliwa kwenye kina kirefu akipandishwa kwa haraka, hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka, na viungo vya ndani hubanwa. Kupanda polepole kwa kutua njiani huepusha hilo, ila huchukua muda na nguvu za mzamiaji. Kisha huja chombo juani. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na uvuvi ni mzuri, lakini ndio wakati wa joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Kisha huja kufunga, maana samaki hunyimwa chakula kwa siku moja, mbili au zaidi kabla ya kusafirishwa ili asichafue maji ya mfuko. Kisha mfuko wenyewe, maji kidogo chini na oksijeni nyingi juu, ndani ya boksi la kuzuia joto. Mle ndani pumzi ya samaki huyatia maji ukali wa asidi, na amonia ya taka yake hubaki katika hali isiyodhuru sana. Mfuko unapofunguliwa ughaibuni, gesi hutoroka, ukali wa asidi hupungua, na amonia ile ile hugeuka sumu kwa dakika chache. Matamvua yaliyoungua namna hiyo ni mlango wazi kwa kimelea. Mnunuzi ataona madoa meupe baada ya wiki moja na ataulaumu mchanga wake, taa yake au duka lililomuuzia. Atakuwa amechelewa kuuliza swali muhimu zaidi, yaani samaki huyu alipumzishwa wapi, kwa siku ngapi, na nani alimtazama kabla ya kufungwa.

Hata dawa zenyewe zinashuhudia upande wangu. Shaba, iwe kwa njia ya mrututu au michanganyiko iliyokuja baadaye, huua vimelea wakati wanaogelea tu. Waliomo chini ya ngozi na waliomo ndani ya maganda hawaguswi, kwa hiyo kipimo cha takriban miligramu 0.2 kwa lita lazima kishikiliwe kwa majuma, kikipimwa mara kwa mara, kwani kikipungua hakitibu na kikizidi humuua mgonjwa. Isitoshe, shaba huua matumbawe, kamba na konokono, hivyo haiwezi kumiminwa kwenye tangi la maonyesho. Mgonjwa lazima ahamishiwe kwenye chombo kitupu. Njia mbili nyingine hazihitaji dawa kabisa. Moja ni kumhamisha samaki kila baada ya siku tatu kwenye chombo kilichooshwa na kukaushwa, mara nne mfululizo, ili kila kimelea kinachodondoka kiachwe nyuma kabla ya kuanguliwa. Nyingine ni kupunguza chumvi ya maji hadi chini ya nusu ya ile ya bahari, kiasi ambacho samaki wengi wa mifupa huvumilia kwa wiki kadhaa na kimelea hiki hushindwa. Cheung na wenzake walichapisha mwaka 1979 jinsi joto na chumvi vinavyoathiri uzazi wake. Watu wa Ramisi hawahitaji maabara kuelewa kwamba samaki na chumvi wana mipaka yao: mto wao humwaga maji baridi katika ghuba ya Funzi, na kati ya mikoko yake wanaishi samaki wanaostahimili mabadiliko ya chumvi kwa kila bamvua na kila masika. Ndoo, mapipa safi, kivuli, maji ya kisima na kipimo cha chumvi vinaweza kupatikana huku kwetu Kwale kwa gharama ndogo kuliko London. Tiba zilizothibitika zaidi zinadai nafasi, muda na mikono yenye uangalifu, na vyote hivyo vipo huku.

Kuna tiba moja, hata hivyo, iliyonunuliwa moja kwa moja kutoka baharini kwetu, nayo ndiyo inayoonyesha wazi zaidi jinsi historia hii ilivyopinda. Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, ni mwembamba, wa buluu na mstari mweusi, asiyezidi urefu wa kiganja. Hukaa mahali pamoja kwenye mwamba, na samaki wengine, hata chewa wakubwa, huja kwake, hutulia na kufungua vinywa ili awatoe vimelea. Wafugaji walipomwona akifanya hivyo, waliamini wamepata tabibu aliye hai kwa ajili ya tangi lenye madoa meupe. Wakaanza kumwagiza, na pwani ya Kenya ikawa miongoni mwa zilizompeleka. Imani hiyo ilikuwa kosa. Vimelea anavyovila ni zaidi vile vinavyotembea juu ya ngozi. Kile cha madoa meupe kimejichimbia ndani, na hakuna msafishaji anayeweza kulimaliza tatizo lake. Mle tangini samaki wachache hawamtoshi chakula, naye mara nyingi hudhoofika na kufa kwa njaa. Ripoti ya kituo cha uhifadhi cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003, iliyokadiria biashara ya dunia kuwa samaki milioni 20 hadi 24 kwa mwaka wa aina 1,471, ilimtaja kati ya wale wasiofaa kufugwa.

Hasara iliyo upande wa mwamba ni kubwa kuliko ile ya tangini. Mtafiti Alexandra Grutter alionyesha, katika miamba ya kisiwa cha Lizard nchini Australia, kwamba msafishaji mmoja hula takriban vimelea 1,200 kwa siku. Kisha miamba midogo ikaachwa bila wasafishaji kwa miaka minane na nusu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011: samaki wakazi walipungua kwa asilimia 37 na aina zao kwa asilimia 23, ukilinganisha na miamba iliyobaki na wasafishaji wake. Tena msafishaji huishi kwa dume mmoja na majike kadhaa. Dume akiondolewa, jike mkubwa hugeuka dume, kwa hiyo kila anapovuliwa mmoja kundi zima hupangika upya. Na yeye ni rahisi kuvuliwa kuliko karibu wote, kwa sababu hana hofu na hahami kituo chake. Kwa hiyo biashara iliyotaka kutibu samaki wachache kwenye kioo imekuwa ikimwondoa tabibu pale alipokuwa anahitajika. Najua itajibiwa kwamba matokeo ya Australia si ya Kwale, na kwamba bahari yetu ina madhara makubwa zaidi, kama joto la mwaka 1998 lililoua matumbawe mengi, nyavu za kukokota na matope ya mito. Hayo ni madhara ya kweli. Lakini mwamba uliokwisha kudhoofishwa na joto ndio usioweza kumudu kumpoteza msafishaji, na msafishaji ni hasara tunayoweza kuizuia kesho kwa uamuzi wa karatasi moja, wakati joto la bahari hatuna uwezo wa kuliamrisha.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Mzamiaji wa Shimoni au Msambweni hana ajira ya kiwandani, na samaki mdogo wa rangi humlipa zaidi ya tafi wa ukubwa ule ule sokoni. Wanaotaka biashara yote ipigwe marufuku hawajamjibu mtu huyo. Historia ya jirani zake pia inawaonya wanaoamua kwa amri kutoka juu: hifadhi ya Diani na Chale ilitangazwa 1995 na haikufanya kazi, kwa kuwa wavuvi wenyewe waliikataa. Kinyume chake ni Kuruwitu, Kilifi, ambako wanakijiji, wakisukumwa pia na uvunaji holela wa samaki wa mapambo, walijifungia wenyewe eneo la bahari la takriban hekta 30 mwaka 2005, na samaki wakarudi. Kutokana na mifano hii miwili ninaona kwamba kinachofaa Kwale ni ufundi bora unaolipwa vizuri zaidi. Samaki aliyepandishwa polepole, akapumzishwa kivulini, akakaguliwa, akapitishwa kwenye maji ya chumvi kidogo au akahamishwa vyombo mara nne, na akaanza kula kabla ya kusafiri, ni bidhaa tofauti na yule aliyekimbizwa uwanja wa ndege siku ya pili. Itasemwa kwamba siku za kupumzisha ni gharama na mnunuzi hatazilipia. Mnunuzi tayari hulipia shaba, vipimo, matangi ya wagonjwa na samaki wanaokufa. Pesa hizo zipo, ila hutumika upande wa pili wa dunia, na baada ya madhara kutokea.

Idara ya uvuvi hutoa leseni kwa wakusanyaji na wauzaji nje, na vikundi vya usimamizi wa fuo vina sauti kisheria tangu kanuni za mwaka 2007. Nawaomba wote wawili wafanye mambo mawili: samaki msafishaji aondolewe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuuzwa nje, na leseni ya kila muuzaji ifungamanishwe na siku za lazima za kupumzisha na kukagua samaki hapa hapa Kwale, zikifanywa na vijana wa hapa na kulipwa kama kazi ya ufundi.