Sare ya Msitu, Nchi ya Vumbi

Shule ya msingi nilivaa kaptula ya kaki. Kiangazi, nyasi zikishakauka, tulijilaza nyuma ya uwanja kumkwepa mwalimu wa zamu. Kaptula zilituficha vizuri. Mashati meupe ndiyo yaliyotuponza.

Sikujua kwamba kaki ni neno lililosafiri. Limetoka kwenye Kiajemi, khak, yaani udongo, vumbi. Miaka ya 1840, huko Peshawar, Mwingereza Harry Lumsden aliwavika askari wake rangi hiyo, wakati jeshi la kwao bado likijivunia sare nyekundu. Wafaransa walichelewa zaidi: Agosti 1914 waliingia vitani na suruali nyekundu.

Nayasoma haya kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, lakini kisa kinachoninyima usingizi ni cha juzi tu. Mwaka 2004 Jeshi la Marekani lilichagua mabaka ya vimraba vya kijivu, yafae mjini, jangwani na msituni kwa pamoja. Kwa mbali vimraba vile vinayeyuka na kuwa rangi moja iliyopauka, na umbo la mtu linabaki wazi. Mwaka 2010 askari wake waliokuwa Afghanistan walianza kupewa mabaka mengine.

Hao walibadilishiwa. Wenyeji je? Mwaka 2007 waziri wa ulinzi wa Afghanistan, Abdul Rahim Wardak, alipenda mabaka ya msitu yaliyoonekana kwenye tovuti ya kampuni moja, yakawa sare ya jeshi lake. Misitu ni asilimia 2.1 tu ya nchi ile. Mlipaji alikuwa Marekani, na Juni 2017 mkaguzi wake maalumu alitoa hesabu: hadi dola milioni 28 za ziada, na hakuna aliyepima kwanza kama mabaka hayo yanafaa huko.

Tusimwonee waziri. Kunar na Nuristan kuna miti, na Helmand, kando ya mto, mashamba ni ya kijani kibichi. Ila ukiyapita mashamba ni vumbi tupu, na doria moja hukanyaga kote. Mkaguzi alihesabu dola. Mimi namfikiria kijana anayetoka shambani kuingia kwenye vumbi lile, amevaa majani mwili mzima. Kwa Kidari, udongo bado unaitwa khak.