Ibada ya Sanamu na Neema: Istilahi Mbili za Imani ya Kikristo

Ibada ya sanamu ni kukipa kiumbe, kitu au nguvu yoyote utii na tegemeo linalomstahili Mungu peke yake. Neno sanamu limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kinyago cha kuabudiwa. Kiswahili kimelipanua: Sanamu ya Askari iliyo katikati ya Dar es Salaam haisujudiwi na mtu, na bado ni sanamu. Kwa hiyo uzito wote wa istilahi hii umelala kwenye neno ibada. Ndivyo ilivyo pia katika Kigiriki cha Agano Jipya, ambako eidololatria imeunganisha taswira na utumishi anaofanyiwa mungu.

Tafsiri hiyo ya Kiswahili ni sahihi, ila ina upungufu unaoonekana wazi mkoani Mara. Wajita, Wakwaya, Wazanaki na Wakuria hawajulikani kwa kuchonga miungu ya mti. Dini yao ya jadi ilimtambua Mungu muumba, ikawaheshimu wahenga, na mvua ilipokawia watu waliwaendea waleta mvua, kazi ambayo Wazanaki walisifika nayo. Mahali patakatifu palikuwa chemchemi, mwamba au mti mkubwa. Mkristo wa Buhare, kata ya Manispaa ya Musoma, anaweza basi kuisikia amri inayokataza sanamu maisha yake yote akadhani inawahusu Wakanaani tu.

Wahubiri wengi huziba pengo hilo kwa neno ushirikina, yaani kumpa Mungu mshirika. Linasaidia, lakini katika mazungumzo ya kila siku limebanwa likamaanisha hirizi na uganga. Mtume Paulo alikwenda mbali zaidi: katika Wakolosai 3:5 aliihesabu tamaa ya mali kuwa ibada ya sanamu. Ukweli wa maneno yake umeonekana kwa uchungu Kanda ya Ziwa. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino waliuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri migodini na ziwani. Hapakuwa na kinyago. Kilichoabudiwa ni mali, na binadamu akafanywa kafara yake. Maana pana ya istilahi isipofundishwa, mambo kama hayo huachwa yaitwe uhalifu tu, na mzizi wake wa kiroho hauguswi.

Upande wa pili, si kila sanamu ni ya kuabudiwa. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulitenga heshima wanayopewa watakatifu na picha zao na ibada anayopewa Mungu peke yake. Jimbo Katoliki la Musoma linaihitaji tofauti hiyo hasa: ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza Julius Nyerere wa Butiama, aliyebatizwa mwaka 1943, kuwa mwenyeheri. Tangu 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu. Waumini wanaweza kumheshimu, na wanaweza kumwomba awaombee, lakini hawamwabudu.

Istilahi ya pili, neema, ni kipawa cha Mungu kisichostahiliwa wala kununuliwa, ambacho kwacho humsamehe mwanadamu na kumpa uzima wake. Hii nayo ni ya asili ya Kiarabu, na Waswahili walikuwa nayo kabla ya Biblia kutafsiriwa. Mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno tele. Istilahi jirani zina mipaka yake: rehema humtazama mkosaji anayehurumiwa, fadhili hutazama wema uliotendwa, na baraka ni heri inayoshuka juu ya mtu. Waefeso 2:8 ndiyo inayoikaza neema katika maana ya kitheolojia, kwa kusema kwamba wokovu ni zawadi ya Mungu.

Katekisimu ya Kikatoliki hutofautisha neema ya utakaso, inayokaa rohoni, na neema ya msaada, inayomwezesha mtu kutenda jema fulani. Wamennonite, waliofika Shirati mkoani Mara mwaka 1934, wao waliguswa na Uamsho wa Afrika Mashariki mwaka 1942. Wana uamsho waliizungumzia neema kwa lugha ya kuokoka, kutubu hadharani na kupatanishwa na ndugu uliyemkosea.

Hatari ya neno hili imo ndani ya utajiri wake. Neema ikihubiriwa kama wingi wa ng'ombe, samaki au fedha, inageuka kuwa kitu kilekile ambacho Paulo alikiita ibada ya sanamu. Sadaka nayo inageuka bei: mtu hutoa ili adai, kama anavyomlipa mganga akisubiri faida. Mafundisho ya kanisa yanaweka mpangilio kinyume na huo. Mungu huanza kutoa, na sadaka, matendo mema na utii hufuata kama shukrani. Wakatoliki na Walutheri walilikiri jambo hilo kwa pamoja katika tamko walilotia sahihi mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999: mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa sababu ya stahili yoyote aliyo nayo, naye Roho Mtakatifu humwezesha kutenda mema.