Msumari na Sumaku: Majeraha ya Ubongo ya Mwaka 1917

Jeraha la risasi lililopenya fuvu lilihesabiwa kwa karne nyingi kuwa hukumu ya kifo, kwani hata majeruhi aliyenusurika siku ya kwanza mara nyingi aliuawa baadaye na usaha uliotunga ndani ya ubongo. Kwamba kifo hiki cha pili kingeweza kuzuiwa kulionyeshwa kwa hesabu na Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa Marekani, aliyehudumu katika kituo cha Waingereza cha kupokea majeruhi nchini Ubelgiji wakati wa mapigano ya Ypres mwaka 1917.

Cushing aliliondoa pande la mfupa uliovunjika kwa ujumla wake, akapitisha mrija laini wa mpira katika njia ya risasi, kisha akafyonza ubongo uliokwisha kuwa kama uji pamoja na vigae vya mfupa, huku majeruhi, aliyetiwa ganzi ya kichwani tu, akiwa macho. Vipande vya chuma vilivyozama vilivutwa kwa sumaku, na pale ncha ya sumaku iliposhindwa kuvifikia, ulishushwa msumari mrefu uliotolewa makali, ukagusishwa na sumaku kwa juu, ukapanda navyo. Ngozi ya kichwa ilishonwa ikafungwa kabisa, jambo ambalo wapasuaji wengi wa wakati huo hawakulithubutu.

Katika ripoti yake ya mwaka 1918 kuhusu majeruhi 133, vifo vilishuka kutoka asilimia 54.5 katika mwezi wa kwanza wa kazi hiyo hadi asilimia 28.8 katika mwezi wake wa tatu. Yafaa ikumbukwe kwamba walioingia katika hesabu hiyo ni wale tu waliofika kituoni wakiwa hai.

Usafishaji huo wa jeraha, hata hivyo, haukuweza kubadili njia ambayo risasi ilikwisha kupita. Waliotobolewa ventrikali, yaani vyumba vya ndani ya ubongo vinavyohifadhi maji yake, waliendelea kufa kwa wingi, na uchunguzi wa miaka ya baadaye umeithibitisha hatari hiyo, ukaongeza risasi inayovuka nusu zote mbili za ubongo, kushuka kwa shinikizo la damu na mboni zisizosinyaa zinapomulikwa. Dalili iliyokuja kutegemewa kuliko nyingi ni kiwango cha fahamu, ambacho Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walikiwekea kipimo mwaka 1974 kwa kuangalia jinsi mgonjwa anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo: mwenye fahamu kamili hupata alama 15, na aliyepigwa risasi kichwani akapata 3, ambayo ndiyo ya chini kabisa, ni nadra kupona.